Mtu Aliyepaswa Kushuka Kaburini

Udongo wa London ni mzito, unang'ang'ania kiatu kama mtoto anayekataa kuachwa. Nilikuwa nimesimama ndani ya kaburi la Mzee Msabaha, maji yakinipanda kwenye soksi, na juu yangu watu wameshika shuka huku macho yao yakitazama njia ya kuingilia makaburini. Hakuna aliyesema wanamsubiri nani. Mwishowe mzee mmoja wa Kipemba, kofia yake imelowa mvua, akauliza polepole, "Jaji wenu haji? Au anaogopa tope?"

Niliinua mikono nikampokea marehemu upande wa kichwa, mahali pa kaka yangu Muhiddin.

Ilikuwa Novemba 2004. Sasa Muhiddin naye hayupo. Moyo ulimsimama miaka minne baadaye, akijiandaa kwenda kazini. Watu wanamkumbuka kwa picha moja, ile ya wigi na joho, na picha hiyo ni kweli. Lakini mimi nakumbuka na mengine, na nisipoyaandika yatakwenda na mimi.

Tulifika Kilburn, mtaa wa hapa London, mwaka 1990, sisi wawili tu. Mzee Msabaha hakuwa ndugu yetu wa damu. Alisoma chuo kimoja cha Kurani na marehemu baba yetu huko Wete, na kwake hilo lilitosha. Alikuwa akipanga barua posta, zamu ya usiku. Alitupa chumba cha mbele, yeye na mkewe Bi Nurjehan wakabanana nyuma na mtoto wao wa pekee, Sultan, ambaye wakati huo alikuwa bado anaogopa giza.

Muhiddin alikuja na shahada ya sheria kutoka Dar es Salaam, na hapa ikawa karatasi tu. Ilibidi afanye mitihani upya. Mchana alibeba mafaili kwa Gurmit, wakili wa Kisikh mwenye ofisi juu ya duka la viatu, na Jumapili asubuhi Mzee Msabaha alikaa mbele yake na kikombe chake cha chai. "Haya, mimi nimeiba ng'ombe wa jirani," angesema. "Nitetee." Muhiddin akianza kumtetea, mzee anakiri kila kitu, na nyumba nzima inacheka. Bi Nurjehan alisema mteja wa namna hiyo afungwe tu, watu wapumzike.

Siku hizo mzee alipenda kutuhadithia habari za kadhi mmoja wa zamani wa Pemba. Kadhi huyo, siku alipoapishwa, aliacha kunywa kahawa barazani, asije akamhukumu mtu aliyewahi kumlipia kikombe. Harusi haendi, na hitima anapita tu njia akiitikia dua kwa mbali. Mzee alitusimulia ili tucheke, maana kadhi mwenyewe alikonda hadi mkewe akarudi kwao. Sisi wengine tulicheka. Muhiddin hakucheka hata mara moja. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali.

Akafaulu, akawa wakili. Miaka kumi alisimama mbele ya mahakimu akiwatetea watu ambao wengine hawakumudu hata tai ya kuvalia mahakamani; akawa anawaazima zake. Mwanzoni mwa 2004 akateuliwa kuwa jaji wa muda, akikaa kitini wiki chache kwa mwaka katika mahakama ya jinai. Bi Nurjehan alipika biriani, na mzee akapiga simu hadi kwa watu wa Walthamstow, pembe nyingine ya London, ambao hata hawakumjua Muhiddin. Usaili wa ujaji wa kudumu ulikuwa unakuja. Kila mtu alijua anautaka. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na hilo.

Kiangazi hicho hicho Sultan, kijana wa miaka ishirini sasa, aligombana na mtu nje ya baa moja huko Lewisham akampiga chupa usoni. Akawekwa rumande, na kesi ikapangwa katika jengo lile lile la mahakama alimokaa Muhiddin. Kuanzia siku hiyo kaka yangu hakukanyaga tena Kilburn. Salamu zake nilizipeleka mimi. Mzee alizipokea bila kulalamika, akasema mwacheni, kazi yake haitaki mguu wake hapa. Lakini nilimwona anavyotazama mlango kila ninapoingia peke yangu.

Alifariki usingizini. Sisi maiti hatumlazi, ila vibali vya hapa vilitulazimisha usiku mmoja. Asubuhi ya pili mipango ya mazishi ilikuwa tayari, na gereza lilikuwa bado halijatoa ruhusa ya Sultan. Nilimpigia Muhiddin.

"Sultan hatafika," nilimwambia. "Mtoto aliyebaki wa kumshusha ni wewe."

"Nikionekana pale, Muhsin, kesi ya kijana itasemwa imeguswa. Na mimi sitaukaribia ule usaili."

"Umemuuliza mtu?"

"Kuuliza kwenyewe ni kujitaja."

Kwa hiyo nilishuka mimi, pamoja na wanaume wawili kutoka msikitini ambao hawakuwahi kula kwenye nyumba ile.

Baada ya wiki chache, jaji mmoja mwanamke, mkubwa kwake kazini, alimwona amenyong'onyea akamuuliza ana nini. Muhiddin akamweleza yote. Mama yule akamwambia angeweza kwenda kumzika baba yake. Angeiarifu tu mahakama kwamba anaijua familia, na kesi ingepelekwa kwingine. Hufanyika kila mwezi. Kaka yangu alinisimulia haya ndani ya gari lake, mikono iko kwenye usukani, gari halijawashwa.

Alitaka kwenda kwa Bi Nurjehan usiku ule ule. Nikamkumbusha yuko eda, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Ikabidi asubiri. Katika kusubiri huko Sultan alihukumiwa miaka mitatu na jaji mwingine, katika mahakama nyingine, na Muhiddin akaitwa kwenye usaili, akapata kazi. Watu walimpongeza kwa simu. Hakuna aliyemwalika kula.

Tulikwenda eda ilipokwisha. Njiani alirudia maneno aliyoyapanga, nami nikamwacha ayarudie.

Miaka yote ile Bi Nurjehan alikuwa akimpokea amekaa, akimwonesha kwa kidole pa kuweka viatu. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Tulipoingia alishika mkono wa kiti, akajikaza, akasimama.

"Kaa, mama," Muhiddin alisema. "Goti hilo."

"Jaji akiingia watu husimama, mwanangu. Si ndivyo?"

Niliitafuta hasira katika sauti yake sikuiona. Wala kejeli sikuiona. Muhiddin alibaki katikati ya chumba, na yule mama akaendelea kusimama, goti linatetemeka ndani ya kanga. Ndipo kaka yangu alipoelewa kwamba mama hatakaa kabla yake. Akaketi haraka, kwenye kiti cha kwanza alichokiona, ili naye aketi.