Vitisho vya Mama Amisa

Kwa miaka kumi na miwili Amisa aliwatisha watu wa Kasongo kwa kalamu. Asubuhi alifundisha shule ya msingi, mchana akaandika vitabu: maiti inayobisha hodi, mchimba dhahabu anayesikia jina lake likiitwa kutoka shimoni. Jean-Marie, mwenye mashine ya fotokopi sokoni, alivitoa vitabu na kuvibana kwa pini. Kitenge, mume wa Amisa, alivifunga kwenye pikipiki akavipeleka Wamaza mpaka Kabambare, ambako wachimbaji walisomeana kwa sauti hadi karatasi zikachanika.

Kitenge alikuwa amebeba nakala za kitabu cha nane siku daraja la magogo lilipokatika.

Wenzake walimrudisha amefungwa ndani ya turubai. Amisa aliwauliza kama wamekunywa chai.

Matangani wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka. Yeye alikaa mkekani akimtazama nzi akizunguka ukingo wa sahani. Mama mkwe wake, Marie-Thérèse, akamwinamia.

"Amisa, lia hata kidogo. Watu wanaangalia."

"Ninajaribu, mama."

Na kweli alikuwa akijaribu.

Siku ya tatu alikuja Naomie, muuza samaki aliyesoma vitabu vyote vinane. "Mama Amisa, mu kitabu cha sita ule mujane alilia kurasa tatu, na miye nikalia naye. Ya kwako machozi iko wapi?"

"Ule nilimutunga," Amisa akasema. "Huyu alikuwa bwana yangu."

Naomie alikusanya sahani akaenda kuziosha.

Arobaini ilipopita, Amisa aliandika cha tisa. Hakikuwa na mzimu wala damu. Mtu anaamka, anajaza upepo kwenye gurudumu, anakunywa chai, anasafiri, anarudi kwake. Jean-Marie alikisoma akiwa amesimama.

"Mama, hii haitishi mutu. Nilikuwa nangojea afe."

"Hafi."

Jean-Marie akatoa nakala thelathini, kwa heshima tu.

Wachimbaji wa Kabambare wakatuma neno: mwandishi aje mwenyewe, awasomee. Clovis, aliyekuwa rafiki wa Kitenge, akampakia kwenye pikipiki yake. Penye daraja jipya alizima mashine.

"Ni hapa, mama."

Amisa aliangalia. Maji ya udongo, magogo ambayo bado yana magome. Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Alichosikia ni njaa.

"Clovis, uko na kitu ya kula?"

Clovis alikuwa na ndizi. Walikula wamesimama, kisha wakavuka.

Kabambare wanaume waliketi juu ya majerikeni, miguu ina matope, wakisubiri kutishwa. Akawasomea cha tisa. Alipomaliza, mmoja wao aliuliza, "Ule mutu anafika kwake kweli?"

"Anafika."

"Basi turudilie pale anapofika."

Amisa akafungua ukurasa huo, akarudia kusoma kwa sauti ileile kavu, nao wakasikiliza.