Injini ya Mama

...na anasema tena kanyaga, haya, nakanyaga, mara moja, mara mbili, mara tatu, "shikilia hapo," nashikilia, mguu umekufa ganzi na bado anataka nishikilie, huko nyuma chini ya gurudumu nasikia spana ikigonga na yeye akipiga mluzi, mume wangu Weldon, mtu mzima na ndevu zake, amelala chali kwenye matope ya Litein akipiga mluzi wa furaha, mafuta ya breki yananuka, gundi ya fiber inanuka, hata kiti nilichokalia kinanuka, kichefuchefu hakijaniacha tangu asubuhi na si mimba, ni yeye, ananichefua yeye... "haya achilia," nilishaachilia, niliachilia kabla hajafunga kile kinati chake cha kutolea hewa, hewa imerudi kwenye paipu, alinieleza mwenyewe siku ya kwanza, ukiachilia kabla sijafunga breki inanyonya hewa na tunaanza upya, basi leo nimeachilia hivyo tangu chai ya saa nne, makusudi, na nitaachilia tena. "Cheptoo! Umeachilia mapema tena, ama?" "Wewe hukusema." "Nimesema, bana. Basi tuanze upya, pole pole." Pole pole, anazungumza kwa upole siku hizi, tangu aipate injini amekuwa mpole mpaka inatia kinyaa, kanyaga, nakanyaga, na huko mbele yangu chini ya hii boneti nyekundu iliyong'arishwa mpaka naona pua yangu ndani yake, imelala injini ya mama. Si ya Weldon. Ni ya Noah, gari ya mama yangu aliyoinunua kwa bonasi ya majani chai na ndama mmoja, naye hajui kuendesha, naendesha mimi, kila Jumatatu na Alhamisi tunatoka hapa gizani, Sotik, Bomet, mpaka hospitali ya Longisa akasafishwe damu, figo zimemchoka, na ile Noah injini yake ilikaa chini ya viti vya mbele, kiti kilikuwa kinapata joto, mama alikipenda kile kiti, baridi ya hapa asubuhi inaingia kwenye mifupa, alikuwa anafunga leso, anasema hapa ni kama jikoni, na kabla hatujafika Kapkatet ameshalala. Tukirudi nilikuwa namlaza kiti cha katikati, akitoka kwenye ile mashine anakuwa kama nguo iliyokamuliwa. Weldon aliyaona hayo yote kwa macho yake mawili, miaka miwili aliyaona, na alichoona ni injini.

"Injini ya Kijapani, Cheptoo, haichemki, haivuji, spea ziko mpaka kwa duka ya unga," ndivyo alivyosema, maana gari lenyewe la Wazungu alilolitamani, lile dogo la mbio lisilo na paa la enzi za mabwana wa mashamba, hana, angelipata wapi, basi hili si hilo, hili ni bodi aliyoundiwa na Ouko wa Kapsoit, fundi wa matangi ya maji, fiber tupu, ukiligonga linalia kama tangi, nje Mwingereza, ndani Noah, na huyu mtu atalipeleka kwa maonyesho huko Nairobi avae kofia, asimame kando yake na kuwaambia watu ni la mwaka wa sitini na kitu... uongo una magurudumu manne, Bwana nisamehe, na mimi ndiye namkanyagia breki. Na alivyoiomba! Heri angeiba. Alienda kwa geti ya mama na sukari na mikate miwili, akasimama nje, mkwe mwenye adabu zake, akasema, "Mama, hii injini imechoka, nipatie wiki mbili niitengeneze," na mama akajibu akiangalia mahindi, "Ni sawa, mtoto wangu," kwa sababu angejibu nini, mama mkwe wa kwetu hamkatalii mkwe wake getini, hata uso hamtazami, Weldon ni Mkipsigis kama sisi, analijua hilo kuliko jina lake, alijua na ndiyo maana alienda nikiwa sokoni. Sasa Noah iko pale kwa mama imekaa juu ya mawe, kuku wanatagia ndani. "Kanyaga tena." Nakanyaga. Jumatatu hii tulipanda pikapu ya maziwa, mama katikati ya mitungi, tuliporudi alitapika kwenye leso yake, akaikunja vizuri ile leso, akaniambia pole, yeye ananiambia mimi pole, niliifua na sikuona kinyaa hata kidogo, kinyaa nilikiona nilipoingia kwangu na huyu akaniuliza kama nimepitia kwa duka la hadiwea kumchukulia msasa.

"Cheptoo, unajua nimefikiria nini?" sauti inatoka chini ya gari, sitaki kujua, "hii breki ikikubali leo, Alhamisi nitampeleka mama mimi mwenyewe. Na hii gari. Asikie raha pia yeye." ...Subiri. Amesema nini. "Umesema nini?" "Nitampeleka mama. Nafasi iko, si ni hapo kando ya dereva?" Hapo. Kando ya dereva. Natazama hapo, kiti chenyewe kimebanana na hiki, bega kwa bega, goti la mama yangu kwenye mkono wa mkwe wake kila akigusa gia, mama ambaye tangu arusi yetu hajawahi kutafuna chakula mbele yake, ambaye Weldon akiendesha Noah alikuwa anapanda kiti cha nyuma kabisa, na akitaka kumwambia punguza mwendo ananiambia mimi nimwambie, na Weldon anamsikia, na bado anangoja mimi nimwambie, na ndivyo inavyotakiwa... na mama hatakataa. Najua atakavyofanya. Atasema Alhamisi hii anajisikia vizuri, atasema ana mbolea ya kupokea, atakaa nyumbani na damu yake chafu, na Alhamisi nyingine vilevile, mama atakufa kwa heshima na huyu atalia kwenye mazishi kuliko sisi wote. Mungu wangu, nataka kushuka nimwachie pedali yake nirudi kwa mama leo hii, nitarudi na nini, na miguu? Nimeshika kitu ili nisishuke na kumbe nimeshika gia. Ni ile ile ya Noah. P, R, N, D, hiyo D imefutika nusu, niliifuta mimi na kiganja changu njia ya Longisa, alikuwa anataka gia za mkono huyu, wiki nzima alilia, eti gari ya spoti na otomatiki ni aibu, lakini injini ilikuja na gia zake na waya zake, zikakataa kuachana, ikabidi. Na za mkono mimi sijui. Otomatiki najua. Hii naijua hata nikifumba macho... mvua itakuwepo, ndiyo, tutafunga turubai, blanketi mbili, leso mara mbili, Bomet watatucheka, na wacheke.

"Kanyaga!" Nakanyaga mpaka chini, kwa mguu wote. "Shikilia..." nashikilia, hapo, sitetereki, spana inagonga, kitu kinafoka huko nyuma, hajasema achilia na siachilii, "achilia," ndiyo naachilia. "Hapo sasa! Umeona? Pedali imekuwa ngumu kidogo?" "Kidogo." "Si nilikuambia?" "Imebaki magurudumu mangapi?" Sijamuuliza kitu cha gari hata siku moja, anacheka huko chini, maskini, anadhani nimeanza kulipenda, "Bado mawili, mke wangu." "Basi usiharakishe, Weldon. Hakikisha hewa imetoka yote." Anaanza tena mluzi wake, mvua inaanza kwenye mabati, kanyaga, nakanyaga vizuri, kwa sababu ule mteremko wa kuingia Bomet haucheki na mtu, na viti ni viwili, Weldon, ulivishona mwenyewe, kimoja ni cha mama na kimoja ni changu, na wewe Alhamisi utatufungulia geti.