Fomu ya Mjomba Hobart

Katika bonde letu lote hakuna anayezijua karatasi za serikali kama mimi. Sekondari nimemaliza, mwandiko umenyooka, na fomu ya kuhakiki ulemavu wa mjomba Hobart niliijaza kwa dakika ishirini tu, mkono mmoja ukiwa na mkate wa mahindi.

Mjomba aliangukiwa na dari ya mgodi wa makaa, mgongo ukavunjika. Tangu hapo malipo ya ulemavu ndiyo yanayomnunulia dawa na kumweka chini ya paa lake. Lakini huku milimani mwanamume haulizwi hali akajibu kwamba anaumwa. Kila swali la fomu alinijibu, "Najikongoja." Nikaona aibu kumwandika hivyo mwana wa ukoo wa Stiltner, nikamwongezea nguvu kidogo. Hajui kusoma, akatia sahihi.

Mwezi wa tatu barua ikaja. "Haya profesa, soma," akaniambia. Nikasoma. Uchunguzi umeona amepona, malipo yanakatwa. Asiporidhika akate rufaa, na akiomba ndani ya siku kumi ataendelea kulipwa mpaka asikilizwe. Ana haki ya kuliona jalada lake na kuleta mashahidi.

Tuliomba siku ya nane. Mjomba aliogopa kufa bila dawa. Mimi niliogopa mstari mdogo chini ya ile fomu, unaosema anayeidanganya serikali hufungwa. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba nililiona la sherifu, mkuu wa polisi wa kwetu. Nikaacha hata kumtania mbwa.

Siku ya kusikilizwa tulikwenda mjini watatu: mjomba, mimi, na jirani yetu Bi Maxie, anayemvalisha mjomba viatu kila asubuhi. Afisa alikuwa mama mpole mwenye kinasa sauti, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Akamweleza mjomba kwamba hakuna neno litakalotumika dhidi yake bila yeye kulisikia. Kisha akafungua jalada, akasoma taratibu: "Napasua kuni kutwa nzima. Nikiua kulungu, namshusha mlimani begani."

Mjomba akaitazama mikono yake. "Sijasema hayo, mama."

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

Afisa akaandika kitu. Nikajua anamwandika mjomba kuwa mwongo, na mwongo haaminiwi hata mgongo wake. Kukiri kulikuwa jambo la pumzi moja. Akanigeukia, akaniuliza kama namjua aliyeijaza fomu ile.

"Simjui, mama," nikasema. "Labda watu wa ofisini."

Bi Maxie akauweka mkoba wake sakafuni.

"Wee Tully, usinitie dhambini. Mama afisa, siku hiyo nilikuwa naosha vyombo jikoni kwa Hobart. Huyu alikuwa mezani, anaandika na kucheka peke yake. Nikamuuliza, kuna nini? Akaniambia, 'Shangazi, leo nimemponya mjomba kuliko daktari.'"

Mjomba akainua macho, akanitazama mimi.

Afisa akakisukuma kinasa sauti mpaka mbele yangu. "Kijana," akasema, "taja jina lako kamili."