Mashine Iliyokwenda Msibani

Mama wenzangu mlio na watoto waliosoma, nawaandikia nikiwa na akili zangu timamu. Mimi nimeishia darasa la saba hapa hapa Ikungi, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nataka tu mjue kwamba mtoto akija kukuomba uwe mashine, kuna jambo la kumuuliza kabla hujakubali.

Ndiyo, mashine. Mimi nimekuwa mashine miezi tisa.

Mwanangu Kristina ana kampuni ya akili mnemba huko Dodoma, yeye na mwenzake mmoja, chumba kimoja, kompyuta mbili. Walitengeneza kitu wanakiita Daktari Jogoo. Mfugaji anatuma ujumbe kwa simu, kuku wangu amevimba macho, kuku wangu anaharisha kijani, na Daktari Jogoo anamjibu afanye nini. Unaweza kuandika au kusema kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kinyaturu chetu. Shida ni kwamba mashine yenyewe ilikuwa haijaiva. Ukiuliza habari za kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, inakujibu habari za mabanda ya Ulaya yenye taa. Kinyaturu ndicho ilikuwa haikisikii kabisa.

Kristina akaja nyumbani, akakaa jikoni kwangu, akasema, "Mama, wewe umefuga kuku miaka thelathini. Ujibu wewe kwa muda, mpaka ijifunze. Majibu yako ndiyo yatakuwa darasa lake."

"Na watu watajua ni mimi?"

"Hapana. Wataona ni Daktari Jogoo."

"Na huyo tajiri unayemtafuta?"

Akacheka. "Mwekezaji, mama, siyo tajiri. Naye asijue kwanza. Akijua ataona tunacheza. Nikishapata imani yake, mengine yatafuata."

Hapo ndipo ningesema neno. Sikusema. Baba yake alikuwa amefariki mwaka wa pili huo, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia mchwa wakila dari, na mtoto ananiambia ananihitaji. Wewe ungekataa?

Basi nikawa nafungulia kuku asubuhi, nachota maji, halafu nakaa kwenye kigoda mlangoni na simu. "Pole, mwanangu. Usimchinje kwanza. Mtenge na wenzake, mpe maji safi, niambie kinyesi kina rangi gani." Hivyo ndivyo nilivyoandika. Nilimuuliza Kristina kama niondoe hilo neno mwanangu, maana mashine haizai. Akasema liache, wateja wanalipenda.

Kuna mama mmoja wa Rungwa alianza kuuliza habari za vifaranga, akaishia kunieleza kwamba mume wake aliingia porini kurina asali na sasa ni wiki ya tatu hajarudi. Alisema anaieleza mashine kwa sababu mashine haina mdomo wa kupeleka habari. Nilitaka kumwambia mimi pia ni mama, mimi pia nalala peke yangu. Nikamwandikia awape vifaranga joto la mkaa.

Siri ya namna hiyo inakutenga na watu bila wewe kujua. Jirani yangu Rukaya, ambaye tumeuza naye kuku kwa abiria wa mabasi ya barabara ya Dodoma tangu tukiwa na meno yote, alinitania mpaka akachoka.

"Siku hizi una mchumba kwenye simu. Ugali unaungua unamjibu yeye."

"Ni mambo ya Kristina."

"Kristina gani anaandika mara arobaini kwa siku? Huyo ni mchumba, tena hana kazi."

Nilicheka, sikumwambia. Miaka yote ile hakukuwa na jambo langu asilolijua.

Sasa sikilizeni hili la misiba. Huku kwetu msiba ukitokea unaacha jembe, unatia unga kwenye beseni, unakwenda, unalala huko. Mume wangu alipofariki, Rukaya alilala kwenye mkeka wangu siku saba, yeye Muislamu, anaitikia nyimbo za kanisani asizozijua maneno. Lakini tangu niwe Daktari Jogoo, nilikuwa nakwenda kuzika tu. Mchanga ukishatupwa, narudi kwenye simu. Kinamama wakaanza kusema, "Mama Kristina anakuja msibani kama mgeni rasmi." Walisema wakicheka, lakini walisema.

Ikafika Jumanne moja. Kristina alinipigia jana yake. "Mama, kesho nakutana na mwekezaji. Ataijaribu mashine mwenyewe, mbele yangu. Kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, simu isitoke mkononi. Ni siku hiyo moja tu."

Rukaya alifariki alfajiri ya Jumanne hiyo. Presha. Wakasema anazikwa baada ya swala ya adhuhuri.

Nilikwenda na simu nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nimekaa mkekani na wanawake, ikatetemeka. Nikatoka kama anayekwenda chooni, nikajibu humo humo, nimesimama, nzi wananizunguka. Nikarudi. Ikatetemeka tena. Nikaenda tena. Mara ya tatu nilipotoka nilimkuta Fatu, binti yake Rukaya, amesimama na kopo la maji ya kunawa, macho yamevimba.

"Mama Kristina," akasema polepole, "hata leo?"

Nilizima simu. Nikakaa kwenye ule mkeka mpaka kesho yake.

Nilipoiwasha, Kristina akapiga hapo hapo. "Mama, aliuliza swali, tukangoja. Akauliza tena, tukangoja. Nikamwambia ni mtandao."

"Rukaya amefariki."

"Pole sana, mama." Halafu akasema, "Lakini ungevumilia ile siku moja."

Jumamosi wakaja wote wawili, Kristina na huyo mwekezaji. Alisema anataka kuwaona wafugaji wa Ikungi kwa macho yake. Jina lake Abdulmajidi, mtu mzima kidogo, amezaliwa Singida mjini kwenye familia ya wauza duka, sasa yuko Dar. Mlangoni akavua viatu, "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Kristina alikuwa ameshanielekeza kwa simu: mimi ni mteja tu, natumia Daktari Jogoo, nimeridhika.

Tulikula. Nilikuwa nimechinja jogoo. Yule baba akasema, "Nimeona turubai hapo jirani. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Ni Rukaya, rafiki yangu."

"Alizikwa lini?"

"Jumanne."

Akatoa karatasi mfukoni, akaitazama. "Na mwezi uliopita, tarehe kumi na nne, palikuwa na msiba?"

Mimi nikiulizwa habari za marehemu huwa najibu. Ndivyo tulivyolelewa, marehemu akitajwa unamtaja vizuri. Nikasema, "Ndiyo, mzee Melkizedeki. Mtu mwema, alikuwa anatupigia kengele ya kanisa."

"Na mwezi wa tano, tarehe mbili?"

"Shangazi wa mume wangu, Elizabeti. Tulimzika Kinampanda. Mvua ilitunyeshea."

Kristina alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ananihurumia.

"Na mwezi wa tatu, tarehe tisa?"

"Mke wa Stefano, fundi baiskeli. Aliacha mtoto mchanga." Hapo ndipo nikautazama uso wa mwanangu, na nikaelewa nilichofanya.

Abdulmajidi akaikunja ile karatasi. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. "Hizi ni siku ambazo Daktari Jogoo alinyamaza mchana, ziko kwenye kumbukumbu za mashine ulizonitumia," akasema. "Kristina, mashine yako inakwenda kuzika."

"Naomba nieleze," akasema Kristina.

"Ungenieleza mwanzoni ni mama anayejibu, ningekuuliza swali moja tu: mashine itajifunza lini kwake? Sasa itabidi nikuulize na mengine yote uliyoniambia." Akanigeukia. "Mama, majibu yako ni mazuri. Nilikuwa nashangaa mashine imepata wapi huruma."

Akanawa mikono, akashukuru kwa chakula, akaondoka.

Kristina alibaki anazungusha kijiko. "Mama, ulilazimika kuwataja wote?"

"Aliniuliza marehemu."

"Ungesema hukumbuki."

"Nimkane Rukaya ndani ya nyumba yangu?"

Kristina alipanda basi jioni ile ile. Nimelea mtoto huyo tangu akiugua surua, sijawahi kuona mgongo wake umekuwa mzito vile.

Baadaye alimwandikia yule baba ukweli wote, ananiambia. Yule baba akajibu kwamba amesoma. Neno hilo tu, mpaka leo. Mara mbili nimemuuliza Kristina, mara mbili amesema bado. Sasa siulizi, naye hapigi sana.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mtoto wako akikuomba umsaidie, msaidie. Lakini umuulize kwanza: huyo unayetaka akuamini, umeshamwambia? Kama bado, usishike hiyo simu. Uongo wake utakuwa ndani ya nyumba yako, utakula na wewe, na majirani wataona umebadilika hata kama hawajui ni nini. Wiki iliyopita niliona wanawake wanapita na mabeseni ya unga. Nikatoka kuuliza nani amefariki. Walikuwa hawajanitumia habari. "Tulidhani uko na kazi," wakasema. Nikaingia ndani nikachukua unga, nikawafuata nyuma.

Simu ile Kristina aliniachia. Mashine sasa inajibu yenyewe, wameifundisha kwa yale majibu yangu ya miezi tisa. Juzi jioni nimekaa kwenye kigoda, kuku wote wameingia bandani, hakuna anayeumwa. Nikaandika: kuku wangu mmoja hali chakula.

Haikuchelewa hata kidogo. Ikaandika: "Pole, mwanangu. Usimchinje kwanza. Mtenge na wenzake, mpe maji safi, niambie kinyesi kina rangi gani."

Nilisoma mara mbili. Halafu nikajibu kwamba ni kijani, ili iendelee.