Kipande cha Mama

Mwaka 1955, katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Muheza, Semeni na mdogo wake Mboni walisoma darasa la nne kwa zamu. Baba yao alikuwa amefariki, na mama yao, Mwatumu, kifua kilimbana hata hakuweza kuinama. Nyumba za kambi zilikuwa za wafanyakazi tu, basi mabinti wakashika kipande cha mama, ile kadi ya kazi: leo huyu anaanika katani, kesho yule. Aliyetoka shule alimfundisha mwenziwe alasiri, wakiandika hesabu mchangani. Mnyapara alijua, akanyamaza. Mwalimu Eliudi naye alijua, akawaandika wote wawili kuwa wapo.

Mtihani wa kuingia darasa la tano ulikuwa wa siku moja tu. Mvua zilikuwa zimechelewesha kazi, na mnyapara akaonya kwamba mwenye kipande atakayekosa kazini hata siku moja atahama kambi. Mboni alikwenda kumwuliza mwalimu kama hakuna siku nyingine. Mwalimu alitazama chini, akasema hakuna.

Mama aliamua aende Semeni, kwa kuwa ndiye mkubwa. Hakusema kwamba Mboni ndiye mwenye akili zaidi, ingawa wote watatu walilijua hilo.

Semeni alifaulu. Asubuhi ya safari ya kwenda shule ya bweni, alikaa juu ya sanduku lake, hataki kuinuka.

“Nikienda, kipande ni chako kila siku,” alisema.

“Kimekuwa changu tangu siku ya mtihani,” Mboni alijibu. “Nenda, dada. Gari litakuacha.”

Kila wiki Semeni alinakili masomo yake, akayatuma nyumbani. Mwanzoni Mboni alirudisha hesabu zote, bila kosa. Baadaye zikarudi nusu. Mwishowe zikaja salamu peke yake.

Likizo ya Desemba, Semeni alirudi na kitabu cha jiografia, akatandika mkeka, akamngoja mdogo wake. Mboni alifika mikono imechanikachanika, akaketi, akasoma mistari miwili kwa sauti. Akakwama kwenye neno. Akajaribu tena, kisha akakifunga kitabu taratibu.

“Msomee mama,” alisema. “Mie nikateke maji.”

Alichukua ndoo akatoka. Semeni alifungua kitabu, lakini mama alikuwa amekwishageukia ukutani.