Kijiko cha Mililita Kumi na Moja

Mimi si mtu wa kukasirika ovyo, lakini siku biskuti ya Mama ilipotemwa mbele ya macho yangu, niliwaka. Nafanya kazi ya kuoka kwenye duka la mikate, na ni mimi niliyembembeleza bosi wiki mbili azipe biskuti hizo nafasi kwenye rafu. Alikubali kwa sharti moja: kila kipimo kiandikwe kwa mililita, hata mwokaji wa zamu nyingine asibahatishe. Mama naye, kabla hata ya jaribio, alishautangazia mtaa mzima.

"Chungu! Magadi matupu," bosi alisema akijifuta mdomo. "Nakupa kesho, mara moja tu."

Nilifika nyumbani nimefura.

"Mama, umenipa vipimo vya uongo!"

"Alaa! Mimi niliyekuzaa, leo mwongo? Kwani umeandika nini?"

"Ulichosema. Magadi kijiko kimoja cha chakula, tangawizi vitatu. Kijiko cha chakula ni mililita kumi na tano, cha chai tano. Dunia nzima inajua!"

"Dunia nzima haijawahi kuoka kwa kijiko changu," akasema, akakitoa mfukoni mwa aproni.

Wifi yangu, ambaye ni nesi, alikuwa kwenye kochi anacheka mpaka machozi. "Mnagombana nini na kijiko kipo?" Akaleta bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea watoto dawa. Tukavuta maji mililita kumi, tukamimina kijikoni. Yakaenea. Tukaongeza moja, kikajaa pomoni. Tukaongeza nyingine, ikamwagika mezani.

"Kumi na moja!" Wifi akapiga kelele. Sikuamini. Tulirudia mara tatu.

Kesho yake nilioka kwa vipimo vipya, Mama amesimama pembeni na gauni lake la kwendea harusini. Bosi alitafuna polepole. Akachukua ya pili. Ya tatu akaichukua bila kututazama, nikajua mambo tayari.

Kisha akasoma kadi yangu ya vipimo, akakunja uso. "Kumi na moja? Kiwanda gani hicho kinachotengeneza kijiko cha kumi na moja?"

Mama akakiweka juu ya meza. Ncha yake ilikuwa imelika, imebaki bapa.

"Kilipotoka dukani kilikuwa cha kumi na tano, mwanangu. Nilikuwa na watoto sita na sufuria moja. Kila siku nilikikwangulia ukoko, ili wa mwisho naye apate. Hizo nne wamezila hawa," akaninyooshea kidole.

Wa mwisho ni mimi. Nililia tu pale pale, unga umenijaa usoni. Bosi akachukua kalamu, akaandika kumi na moja kwenye daftari la mapishi la duka.