Mahari ya Mgongo

Sheikhe alipouliza mahari ni nini, ami yangu alikuwa ameshajaza pumzi kifuani ataje sarafu za dhahabu. Nikamkatiza kutoka nyuma ya pazia, mbele ya wanaume wote. Nilisema nataka fulana ya kinga, ile wanayovaa wakimbizaji wa pikipiki mashindanoni, yenye bamba gumu kuanzia chini ya shingo mpaka kiunoni. Iwe mali yangu mimi, na bwana harusi aivae kila anapopanda pikipiki, maadamu mimi ni mke wake.

"Fakhriya, una wazimu?" ami akafoka. "Wenzako wanadai dhahabu, wewe unadai nguo ya kazi?"

"Dhahabu ingemsaidia nini Mahud, ami?"

Mahud ni kaka yangu, na alikuwa chumba cha pili, mlango tumeuacha wazi naye asikie ndoa ya dada yake. Pikipiki ilimteleza barabarani, mgongo ukapiga ukingo wa saruji. Kichwani alikuwa na helmeti, na kichwa kikatoka kizima. Mgongoni alikuwa na shati. Kisha watu wema wa mji wetu huu wa Ahvaz, Mungu awasamehe, wakamkimbilia. Huyu kashika mikono, yule miguu, mwingine anamtia maji mdomoni, wakamkunja kama godoro, wakampakia nyuma ya pikapu. Mpaka leo hatujui uti wa mgongo wake ulikatwa na ule ukingo au na huruma yao. Kuanzia kifuani kushuka chini hana habari na mwili wake.

Khazal, bwana harusi, hupeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Akacheka, akasema, "Nimekubali, sheikhe. Akitaka na punda avalishwe helmeti, nitanunua." Watu wakaangua kicheko, ndoa ikafungwa.

Basi, baridi ikapita, kiangazi kikaingia. Mwezi wa saba hapa kwetu hata chuma cha mlango hukigusi, na mume wangu anazunguka mji mzima ndani ya lile gamba la mahari. Wenzake pale kwenye mabanda ya falafeli, zile bajia za dengu, mtaani Lashkarabad, walimpokea kwa kelele kila jioni. "Kobe huyo! Kobe, leo umetaga mangapi?" Naye anawajibu, "Cheka tu, wewe unayevaa fulana ya ndani ukadhani umevaa ukuta." Nyumbani anavua, jasho linachuruzika, mgongo wote umejaa vipele vya joto.

Mama mkwe hakunyamaza. "Mwanangu anaiva humo kama samaki wa tanuri," akawa ananiambia. "Wanawake wengine wanawapenda waume zao, wewe umemfunga wako kama mzigo wa bandarini."

"Afadhali aive akisimama, mama."

"Una ulimi wewe!"

Ninao. Lakini sasa nikwambieni jambo ambalo mama mkwe hakulijua. Mimi ndiye niliyelichukia lile gamba kuliko mtu yeyote.

Mahud tunaishi naye. Usiku lazima ageuzwe ubavu huu na ule, la sivyo ngozi inaoza, kwa hiyo nalala chini, kando ya kitanda chake. Khazal anarudi migahawa ikifungwa, anakula, anadondoka usingizini chumba cha pili. Mke na mume, ukuta katikati. Zile nyakati chache tunazoibiana, sikio langu moja huwa liko kwa Mahud. Mwaka mzima niliishi namwona mume wangu akiingia na kutoka kama mpangaji.

Ijumaa tu ndiyo ilikuwa yangu. Jioni mama mkwe anakaa na Mahud, wanagombana juu ya televisheni, na mimi napanda nyuma ya pikipiki tunavuka mto Karun kwenda ng'ambo kula sambusa. Nawaona wanawake wengine wamewakumbatia waume zao, kifua kwa mgongo, nyuso zimelala begani. Uso mimi nilishausamehe, maana nina helmeti. Nami pia ninayo fulana yangu, Khazal alininunulia mwenyewe bila kuombwa, na bamba lake liko mgongoni tu. Mbele niko huru. Namkumbatia kwa mikono miwili, na ninachokumbatia ni plastiki. Jamani, nilimtamani mume wangu mwenyewe, tena huku nimemkumbatia! Kuna Ijumaa nililia ndani ya ile helmeti kwenda na kurudi, na yeye mbele anaimba.

Joto likavunjika mwezi wa kumi. Ijumaa hiyo nilikuwa namwosha Mahud kabla ya kutoka, nimemlaza kifudifudi, nasugua mgongo wake kwa maji ya uvuguvugu. Akauliza, "Dada, utaanza saa ngapi?"

"Nimeshamaliza, kaka."

"Basi una mkono mwepesi," akasema, akacheka. "Haya, nendeni zenu. Nyumba nitailinda mimi, siendi popote."

Tukaondoka. Upepo wa mtoni ulikuwa mtamu, watu wametapakaa ukingoni na birika zao za chai. Mbele yetu, kwenye mataa, mwanamke mmoja alikuwa nyuma ya mumewe, anamchorachora mgongoni kwa kidole, na mume anajipindapinda kwa kutekenyeka. Roho ikaniuma. Tulipofika mwanzo wa Daraja Jeupe nikampiga Khazal begani.

"Simama. Vua."

"Nivue nini?"

"Gamba. Mahari ni yangu, nami nimekusamehe, kuanzia hapa mpaka ng'ambo ya pili."

Akageuka, akanitazama ndani ya helmeti. "Mahari husamehewa vipande vipande?"

"Mali yangu naisamehe nitakavyo. Vua, Khazal. Nimekukosa."

Hakunijibu kwa mzaha, na hiyo si kawaida yake. Alivua kwa pupa mpaka zipu ikamkwama, akaning'iniza gamba kwenye usukani, tukaondoka polepole.

Nikamkumbatia. Shati lilikuwa limelowa, na chini ya shati alikuwa yeye, moto, mwenye harufu ya jasho na mafuta ya kukaangia. Nilisikia moyo wake ukinigonga kifuani kupitia mgongoni. Nikampapasa kwa kiganja, na mgongo wote ukasisimka kuanzia kiunoni mpaka shingoni. Alipunguza mwendo. Nilikuwa na furaha, sifichi, nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa kupumua.

Katikati ya daraja gurudumu likaruka kwenye kiungo cha lami. Kitu kidogo, tumekipita kila Ijumaa. Lakini safari hii kiganja changu kilikuwa pale, na nikausikia uti wake ukicheza chini ya vidole vyangu, mfupa juu ya mfupa, midogo midogo kama punje za tasbihi. Yote inashikiliwa na uzi tu, na juu yake kuna shati. Gari likatupita karibu, upepo wake ukatuyumbisha.

"Simama!" nikapiga kelele. "Khazal, simama hapo hapo!"

Akaegesha ukingoni kwa hofu. "Umeumia? Nini?"

Nilikuwa nimeshashuka, nimeshalichomoa gamba kwenye usukani. "Vaa."

"Fakhriya..."

"Vaa, nimesema!"

"Umesamehe au hujasamehe?" Sauti ilimpasuka. "Mwaka mzima nasubiri useme neno lile. Unadhani ni wewe peke yako? Mimi naimba huko mbele ili nisigeuke! Leo umesema, hata daraja hatujalimaliza, unaninyang'anya?"

"Sijasamehe. Na sitasamehe mpaka nife. Nakutaka wewe na mgongo wako, siwezi kumpoteza mmoja nibaki na mwingine. Nyoosha mkono."

Magari yalianza kupiga honi nyuma yetu. Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani. "Nyie vipi? Wenzenu huvalishana nguo nyumbani!"

"Pita zako, baba, haikuhusu!" nikamjibu, machozi yananitiririka.

Khazal akanipa mgongo, akanyoosha mkono mmoja, halafu wa pili. Nikampandishia zipu kwa kuzunguka mbele yake, nikamkaza mkanda wa kiunoni mpaka akaguna. Kabla ya kushusha kioo cha helmeti nilimwona macho yake ni mekundu. Tukapanda.

Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, kifua changu chote juu ya lile bamba, mpaka mbavu zikaniuma.

"Khazal, unanihisi hapo?"

"Hata kidogo."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikilia, nikazidi kumbana. "Endesha."